Mteja Mmoja Mbele ya Kamera

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Ndalu tuko salama. Babu yako anapalilia mahindi, na mgongo wake umepata nafuu.

Unasema ukiwashiwa kamera ya video utangaze ushonaji wako huko Kitale, maneno yanakukauka mdomoni. Mimi nilipoanza kuuza vyungu sokoni nikiwa msichana, niliinamisha uso siku nzima. Kisha mama mmoja akaniuliza, "Ati hiki hakitapasuka?" Nikakiweka motoni, nikampikia mrenda huku nikimweleza yeye peke yake. Nilipoinua uso, soko lote lilikuwa limenizunguka. Nilirudi nyumbani bila chungu hata kimoja, nikiimba.

Basi wakiiwasha tena, mpime mteja mmoja gauni na uongee naye tu. Sisi wengine wacha tuchungulie.

Nyanya yako