Ng'ombe Amepaa, kwa Spidi Yake

Jumatatu, 4 Machi

Ndiyo, Daktari, naijua! Naijua kuliko ninavyoijua namba yangu ya simu. Ndivyo nilivyomjibu daktari wa meno leo, alipouliza kama nimewahi kuona santuri yenye picha ya ng'ombe wa bluu anapaa, pembe zinatoa moshi wa rangi ya machungwa. Kuiona? Kwetu ile ya zamani iko chini ya kopo la maua la mke wangu, inazuia maji yasichafue meza!

Akashika kifua. Nikadhani nimemuua.

Basi kaniachia mashine yake ya kuchezea santuri, mkanda wa ndani umelegea, na hiyo santuri ya kujaribia. Mpya, bado inanuka plastiki. Jina lilelile, Ng'ombe Amepaa. Bendi ileile, Mbu wa Umeme. Ila sasa imenenepa, ina sahani mbili. Anasema wameitoa upya na kuiongezea: mazoezi, nyimbo zilizoachwa, mpaka maneno waliyokuwa wanasemezana studio. Enzi zake hakuna aliyeinunua, leo watu wa mbali wanaitafuta kwa tochi. Roki ya saikedeliki, anasema, muziki wa kuota macho wazi. Neno refu kuliko wimbo.

Sikumwambia kwamba anayeimba humo ni shangazi yangu. Yaani mimi, Fundi Mdomo, nimenyamaza! Kila nikicheka yule mtu ananitazama magego, nikaona bora nifunge. Anaijia Jumatatu ijayo.

Jumanne, 5 Machi

Mkanda mpya nimeuweka, safi. Nikaweka sahani ya kwanza, wimbo wa kwanza. Mh! Inakokota. Ngoma zinatembea kama zimebeba magunia. Mwimbaji naye sauti nzito, iko chini huko, kama mtu anayeongea na kisima. Nikasema huyu siye. Shangazi wa kwenye santuri ni kifaranga, ukoo mzima unajua! Kila harusi Baba Mdogo akishashiba anapanda juu ya kiti, anabana pua, anaimba ule wimbo wa ng'ombe kama kifaranga kilichokanyagwa. Watu wanalala chini kwa kucheka. Shangazi anakusanya vyombo, anakwenda kuviosha hata vilivyo safi.

Nikaona kosa ni mkanda. Nikaweka mwingine. Palepale. Nikafungua chini ya mashine, nikaikuta skrubu ndogo ya spidi. Nikaizungusha kidogo. Tena kidogo. Mpaka kifaranga kikatoka! Nikajipongeza kwa mkono, maana hakuna aliyekuwepo wa kunipongeza. Kisha nikafungua spika zote mbili, nijue kama sauti inatetemeka. Wimbo wa kwanza wote. Na wa pili.

Sasa, kibanda changu cha redio na chumba cha dobi vimetenganishwa na mbao nyembamba. Na dobi ni Shangazi. Nikasikia pasi inatuliwa — kwa! Dirisha likafungwa.

Nikazima. Nimechelewa.

Jumatano, 6 Machi

Hakuna chai.

Chai yangu ya asubuhi hupitia juu ya ule ukuta wa mbao. Unaona mkono na kikombe tu, sura huioni. Leo hakuna mkono.

Nikagonga mbao. Shangazi, maji yamegoma kuchemka leo?

Mwambie kifaranga wako akuchemshie.

Basi. Mwanamke aliyenilea tangu sijaota meno! Na ile sauti yake ya kuogopesha, nzito. Wateja wakimpigia simu wanasema "shikamoo mzee", naye anaitikia marahaba, hana muda wa kubishana.

Nimeuza mwavuli. Mvua hakuna. Mimi ni mtu hatari.

Alhamisi, 7 Machi

Leo kichwa changu kimefuliwa na kuanikwa.

Daktari kapita kuchungulia mashine, hakuvumilia. Nikamwekea kwa kujivuna, safari hii kwenye hedifoni, nisije nikafungiwa na chakula. Akasikiliza kidogo tu, akazivua kama zimemuuma.

"Fundi! Umemfanya nini mama wa watu?"

"Nimemtengeneza! Alikuwa anaimba kama bawabu."

Akakaa. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wagonjwa kabla ya kuwang'oa. Siku walipokuwa wanarekodi, umeme ulikatika, wakatumia jenereta lililochoka. Mashine ya tepu ikawa inazunguka polepole, hakuna aliyegundua. Ile tepu ilipokuja kuchezwa kwa spidi ya kawaida, kila kitu kikakimbia, sauti zikapanda juu. Kampuni ikachapa hivyohivyo. Waliotoa hii mpya ndio waliokaa chini na kuirudisha kwenye spidi yake.

Nikamuuliza, kwa hiyo ile nzito...

Ile nzito ndiyo yake, akasema.

Yaani mimi nimeshinda juzi kutwa nikirudisha kosa lililochukua miaka yote hii kuondolewa! Fundi gani huyo? Nikairudisha skrubu ilipokuwa, Daktari mwenyewe akisimamia, tukaanza upya, sikio moja moja, hedifoni tumegawana kama chapati.

Sasa sijui niandikeje. Kumbe si wimbo wa kuchekesha! Gitaa linaingia kinyumenyume, kama mtu anatoka chumbani kwa kisogo. Kinanda kinazunguka kama maji yanayoishia kwenye tundu la sinki. Ngoma hazikokoti hata kidogo, zinasubiri. Halafu anaingia yeye. Hana haraka. Ng'ombe anapaa, anaiona nyumba yake kutoka juu, hajui mlango uko wapi. Maneno yaleyale ya Baba Mdogo juu ya kiti! Nimeyacheka maisha yangu yote, leo nywele zimenisimama. Na hiyo sauti naijua. Ndiyo inayoniambia "wewe mtoto, leta beseni".

Nikamwambia Daktari. Anayeimba yuko nyuma ya mbao hizi, anapiga pasi.

Akaweka mkono mdomoni. Kijitabu kilichokuja ndani ya santuri kimeandika "sauti ya kike, jina halijulikani". Akataka kwenda kumsalimia sasa hivi. Nikamshika koti. Daktari, tafadhali, chai yangu bado iko kifungoni.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwake kwa mlango wa mbele kama mteja, na shati mkononi ili nisifukuzwe.

Nikaeleza yote. Jenereta, tepu, spidi. Nilieleza vizuri sana, nilitumia hadi mikono. Yeye anapiga pasi kola. Nilipomaliza akasema, umemaliza? Hilo shati ni safi, usinipotezee maji.

Shangazi, ni sauti yako kabisa! Njoo usikie mwenyewe.

Akasema mimi nimeshachekwa na watu wenye spika kubwa kuliko zako, mwanangu. Niache nifanye kazi.

Nikaondoka. Nilipofika mlangoni akasema, bila kugeuka, kwamba siku ile walipomsikilizisha mara ya kwanza aliwaambia: huyu si mimi. Wakacheka wote. Wakamwambia kila mtu husema hivyo akisikia sauti yake mara ya kwanza. Akabisha, akabisha, wakazidi kucheka. "Baadaye nikaona labda wanasema kweli. Wao wanaume watano, mimi mmoja. Nikajua ndivyo ninavyosikika kwa watu."

Kisha akanyunyiza maji kwenye shati, pasi ikalia, mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi sina cha kuchekesha leo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemsimulia mke wangu wakati anamwagilia maua. Amenisikiliza akiwa ameshika kopo, ng'ombe wa zamani yuko chini pale mezani, duara la maji usoni. Akaninyanyulia kidole. Wewe shida yako ni spika! Nani anataka kujisikia mbele ya mtaa mzima? Mpe hedifoni, mpe kiti, halafu ufanye jambo ambalo hujawahi kulifanya tangu unioe. Nikauliza lipi. Unyamaze, akasema.

Mke wangu ana dharau, lakini ana akili.

Mchana nikaona niisikilize kwanza ile sahani ya pili, ile ya nyongeza, nijue kuna nini kabla hajaigusa mtu mwingine. Tamu sana! Gitaa linakatika waya, mtu anatukana. Mpiga ngoma anaulizia chakula. Wimbo mmoja unaanza mara nne, kila mara unakuwa wimbo mwingine, kama nyumba ileile ukiingilia dirisha tofauti. Hizi ndizo nilizozipenda kuliko zote. Nimesogeza kiti karibu kama ninavyosikiliza ugomvi wa majirani.

Halafu, katikati ya upande wa kwanza, kabla ya wimbo wa ng'ombe, mwanamume anauliza: uko tayari?

Na Shangazi, msichana kabisa, anajibu: "Niko tayari zamani! Huu ukitoka, mimi na nguo za watu basi. Mtazunguka mji mzima mkitafuta wa kuwafulia."

Anacheka. Mimi cheko hilo silijui. Nimelelewa na huyu mwanamke, sijawahi kulisikia.

Nikazima. Upande wa pili wa mbao pasi inagonga meza. Tu. Tu. Tu.

Sasa? Sahani ya kwanza nitampa kwa mikono miwili. Hii ya pili naona nitasema imekwaruzika. Eti fundi nimeshindwa. Haitakuwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 10 Machi

Amekuja! Kwa miguu yake, kwa mlango wangu. Amebeba kapu la mashati ya kushona vifungo, ili ionekane amekuja kushona. Kakikagua kiti. Kakifuta. Kakaa na kunipa mgongo.

Akasema, mke wako amenisumbua. Weka hicho kitu chako tumalize.

Nimemvika hedifoni kama namvika miwani. Nikaweka sahani ya kwanza, sindano ikashuka. Nikanyamaza! Nikachukua kalamu nijizuie, ndiyo maana naandika hapa hapa mezani, mashine iko mbele yangu, yeye yuko mbele ya mashine.

Wimbo wa kwanza: anashona.

Wimbo wa pili: sindano ya uzi imesimama hewani.

Wa tatu, wa nne, sioni kitu, naona kisogo tu na kilemba. Mguu wa kulia unagonga sakafu. Halafu hapana. Halafu tena.

Nikageuza upande. Hakugeuka kunitazama. Nilipita mbele yake kujifanya natafuta koleo nimwone uso, akaniambia ondoka hapo, unanizibia. Unanizibia nini, Shangazi, si unasikiliza? Akasema ondoka.

Sahani ikaisha. Sindano inakwaruza katikati pale, kshh, kshh, na yeye hajavua. Nikasubiri. Nikasubiri mpaka nikakaribia kupasuka.

Akasema: "Niliwaambia."

Hilo tu. Hakulisema kwangu. Alisema kwa wale watano.

Nikasema pole Shangazi, nikasema hongera pia, nikachanganya. Nikaanza kukusanya. Akauliza hiyo nyingine ina nini. Nikasema haina kitu, mazoezi tu, kelele za waya, halafu imekwaruzika. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama ule mkono wa kikombe, akaipapasa sahani kwa kidole chote, duara zima. Mtu aliyepapasa nguo za watu maisha yake yote, utamdanganya nini kuhusu mkwaruzo?

Haina kitu hii, akasema. Iweke.

Nimeiweka. Inazunguka. Hedifoni ziko kwake, mimi sisikii chochote ila naijua ramani. Hapo waya umekatika, mabega yake yametikisika, anacheka! Hapo mtu anaulizia chakula. Anatingisha kichwa, bila shaka amemkumbuka. Ameanza kuimba, chini kwa chini, hajui kama anasikika. Anaimba! Hapa kibandani, katikati ya redio mbovu, sauti ileile, imechakaa kidogo pembeni kama kola. Kashika shati la mtu kifuani.

Na sindano inakwenda. Kutoka ilipo mpaka pale kwenye lile neno lake la nguo za watu, ni upana wa kidole. Mkono wangu wa kushoto uko kwenye mkono wa mashine. Nikiinyanyua kidogo tu nasema mkanda umeteleza, mikanda huteleza, mimi ni fundi, nani atabisha? Nairusha mbele, inaangukia kwenye wimbo, hajui kilichopita. Lakini ni yeye yule. Wameshamharakisha mara moja bila kumuuliza, na mimi sasa nimrukishe?

Nusu ya kidole.

Sikiliza wewe utakayesoma hapa. Najua ni mimi mwenyewe, hakuna mwingine anayeuweza mwandiko huu. Tupatane, haraka. Mimi wa leo natoa mkono, naacha sindano ipite palepale, asikie kila kitu alichosema. Akicheka, sifa nachukua mimi. Akilia, wewe wa kesho ndiye utakayegonga mbao asubuhi, uombe chai, na umtazame usoni, bila mzaha hata mmoja. Umekubali? Usijifanye hujasikia, mkono nimeshautoa —