Dude Lako Limefika Tingi

Mke mwenzangu Somoe,

Adabu uliiacha wapi? Mtu anaaga nyumbani kuwa anakwenda kupima bahari, chombo chao kinazama, tunamswalia bila mwili wa kuosha, halafu yeye anatanguliza mzigo. Sikukulea hivyo. Ningekutia mkononi ningekuchapa, na usomi wako wote huo.

Mzigo wenyewe ni lile boya lako la kupimia joto la maji. Wavuvi wa Kivinje walilikuta limekwama kwenye mikoko, refu kama mchi, limeota chaza. Wakasoma ubavuni, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Kuna rangi nyeusi, mwandiko wako: MKE MWENZA, TINGI. Hapa Tingi hadi Kivinje nani asiyejua kwamba marehemu babu yako alikuita mkewe, na mimi nikakuita mke mwenza tangu unatambaa? Wakalileta kwa bodaboda, wakalilaza barazani, hawakutaka hata maji ya kunywa.

Ulinipigia siku uliyoliandika. Ulisema, "Likipotea, bibi, litajua kwa kurudi." Nilidhani utani.

Unakumbuka nilivyokuchukua Kivinje kununua dagaa, una mapengo ya mbele? Uliingiza mguu majini ukasema leo bahari ina moto. Nikakwambia utoke kabla sijakuburuta. Ulipomaliza chuo ukanieleza kazi uliyosomea, nami nikakuuliza, "Yaani miaka yote hiyo umejifunza kuishika bahari paji la uso, kama mtoto mgonjwa?"

Hukuudhika. "Ndiyo hiyo, bibi. Ikipata homa upande wetu, mvua inakuja. Homa ikihamia ng'ambo, sisi tunakauka."

Tangu hapo sikutia mbegu ardhini bila simu yako. Wenzangu wakipanda kwenye vumbi kuiwahi mvua, mimi nakaa na jembe langu nawatazama. Wakinicheka nawaambia mke mwenzangu hajasema. Mwaka jana wao walirudia kupanda, mimi nilipanda mara moja, na nilizunguka kijiji kizima ili wanione.

Mwaka huu simu haikulia. Baba yako akasema tungoje, redioni wametangaza mvua haba, na mahindi yaliyo darini juu ya moshi ndiyo mbegu ya mwisho. Yakiungua ardhini hatuna mengine. Kweli yake. Nikanyamaza.

Lakini dude lako halikunyamaza. Nililiweka chumbani kwako, kavu, chumvi imeganda juu yake. Juzi nikalikuta limelowa, matone yanashuka kama mtu aliyetoka kuoga. Nikalipangusa. Baada ya alasiri limelowa tena, na sakafuni kuna dimbwi. Nikalamba kidole: maji ya bahari. Najua chumvi hulowa hewa ikibadilika, usinifanye mjinga. Nikaenda jikoni kushika chumvi yangu. Kavu, inamwagika kama mchanga. Nje mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la kusingizia.

Nikarudi nikaliwekea kiganja, kama mtoto mgonjwa. Lilikuwa na homa.

Nilimwita baba yako ashike naye. Akashika, akautoa mkono haraka, akaufuta kwenye shati.

"Mama, hiki kitu tukirudishe baharini."

Nikamwambia kwanza aniteremshie mbegu.

Tumepanda leo, yote, kwenye vumbi lenyewe. Majirani walisimama pembeni ya shamba, na safari hii hakuna aliyecheka. Niliporudi chumbani, dude limekauka. Limepoa kama jiwe la kisimani.

Sina kaburi lako la kufagia, ndiyo maana nakuandikia, na herufi zangu za ngumbaru zitakutosha. Nikipika wali bado nakuwekea ukoko pembeni, ule unaougombania, asubuhi nawatupia kuku. Simu naiweka chaji kila siku, sijui ya nani. Nilikuwa najivuna kwa mdomo wako, Somoe. Sasa nimejivuna kwa dude lisilo na mdomo, na watoto wa nyumba hii watakula au hawatakula kwa sababu hiyo.

Haya, nimemaliza. Mbegu iko chini. Mlango wa uani sijautia komeo. Njoo uchukue dude lako, na usije mikono mitupu: njoo na mvua.

Bibi yako,
mke mwenzio