Nafasi ya Hadjira

Baba Hadjira,

Samaki yumo chunguni, mpashe moto mwenyewe. ~~Ndizi nimekuachia kapuni.~~ Ndizi tumebeba, safari ni ndefu. Funga mlango wa uani, mbuzi wa jirani wasiingie.

Nimempeleka Hadjira Mutsamudu, kisiwa cha pili, kwenye mashindano ya hisabati. Mwalimu alipomfuata asubuhi, ulimwambia nini? Eti mtoto wa kike asivuke bahari, nafasi apewe Saandi, mtoto wa dada yako! Saandi huyu anayekuja kila jioni Hadjira amfanyie hesabu? Ulidhani huko jikoni sisikii?

Najua, kwa mila mtoto wa dada ndiye wa ukoo wako, na binti uliyemzaa ni wa ukoo wangu. Serikali hii ya vijana inaipiga vita mila, wewe umeing'ang'ania. Haya, tuifuate yote! Nyumba hii, kwa mila hiyo hiyo, baba yangu alinijengea mimi, na baada yangu ni ya Hadjira. Wewe uliingia na sanduku la nguo tu.

Tukirudi, umwombe mwanangu radhi. La sivyo, hamia kwa dada yako. Saandi atakubebea sanduku, kazi hiyo haihitaji hisabati.

Mama Hadjira