Profesa na unga wa Mrunal

Kusum, nimetoka chuoni sasa hivi!

Yule Profesa Phatak kasimama mbele ya watoa tuzo, kadai unga wa mjukuu wangu Mrunal, mwanafunzi wake, ni kazi YAKE! Ule wenye vyumba vidogo visivyoonekana, unaonasa hewa chafu na kuigeuza spiriti. Yake!

Akaumimina kwenye mtambo wa majaribio hivyo hivyo kutoka chupani. Hakuna kilichotokea.

"Mrunal, umeniharibia unga!"

"Mwalimu, hukuuoka kwanza. Umefyonza unyevu, vyumba vimejaa maji, hewa itaingia wapi?"

Hakuuoka, Kusum! Hata mimi niliyeishia darasa la nne najua huokwa kwanza!

Mgeni rasmi akamwambia Mrunal, "Njoo utueleze wewe."

Mlangoni nikamtegea Phatak kitendawili: "Mwenye nyumba gani hajui vyumba vyake vimejaa?"

Akanipita haraka, nami nikamwitia:

"Aliyeiiba, baba."