Weusi wa Mawe ya Mkonze

Mpendwa dada Nyemo,

Tangu ulipotuandikia kwamba sasa unashuka chini ya ardhi pamoja na wachimbaji, sipati usingizi. Nikisikia baruti huku Mkonze mikono inaacha kazi yenyewe, nami narudi kwenye ile likizo yako.

Unakumbuka? Baba alikuwa amepunguzwa kazini, biashara zimefunguliwa kwa watu binafsi, na tajiri mmoja akapewa kipande cha mlima wetu avunje mawe ya kujengea. Mama akawa anaponda kokoto na wanawake wenzake chini ya lile jiwe kubwa jeusi. Ukaja kutoka chuoni ulikokuwa ukisomea miamba, ukanipandisha mlimani, ukagonga ukingo wa mwamba kwa nyundo yako. Kibanzi kikaruka. Ndani palikuwa na rangi ya waridi, kama nyama.

"Huu weusi si wa jiwe lenyewe," ulisema. "Ni vumbi. Upepo unalileta, umande na mvua zetu chache zinaligandisha, madini ya chuma na manganizi yaliyomo yanalitia giza. Wengine wanasema vijidudu visivyoonekana husaidia. Ngozi hii ni nyembamba kuliko unywele, na imechukua maelfu ya miaka."

Kisha ukainama. Ulikuwa ukitazama chini ya lile jiwe kubwa. Pale lilipokalia mwamba palikuwa na mstari wa rangi ileile ya waridi, safi, upana wa kiganja.

"Mbona hapa hapana weusi?" nikauliza.

"Kwa sababu hapa palifunikwa na jiwe, hapakupata jua wala vumbi. Jiwe limesogea. Juzijuzi tu."

Sikuwa nimewahi kukuona ukiogopa. Hofu yako ikaniingia mwilini.

Ulishuka mbio kwa msimamizi. "Shikamoo mzee. Tafadhali msilipue leo, lile jiwe limetembea."

Akacheka. "Marahaba binti. Jiwe hilo babu zetu wamelikuta hapohapo."

Ukamwendea mama. Naye akasema lori liko njiani, acha amalize fungu lake kwanza. Ndipo ulipoketi kando yake, kwenye kivuli cha lile jiwe. "Basi nami sitoki, mama."

Mama alikutazama usoni. Akatupa nyundo, akakuinua kwa nguvu, akawaita wenzake kwa Kigogo, na wote tukakimbilia barabarani. Baruti ililia tungali tukihema. Jiwe lilianza polepole, kama ng'ombe anayeinuka, kisha likaja. Vumbi lilipotulia, mafungu ya kokoto hayakuonekana tena. Msimamizi alikuwa ameketi kule upande wake, amejishika kichwa.

Leo redio imetaja mgodi ulioporomoka huko Kanda ya Ziwa uliko. Hawakusema ni upi. Mama aliizima, akaenda jikoni kupika mlenda, akarudi kuiwasha. Mlenda tumeula bila chumvi.

Dada, hapa tulikuwa na jua la kutuonyesha jiwe lipi limesogea. Huko chini jua halijafika kamwe. Kila jiwe linaonekana jipya. Utajuaje? Hilo ndilo linalonitisha.

Ukiogopa, toka. Usingoje wakuamini. Wakikucheka, wakucheke ukiwa hai.

Tutumie neno moja tu kwamba upo.

Mdogo wako,
huku Mkonze