Rangi ya Vibao vya Baba Yako

Judith Gap, Montana

Mwanangu Wade,

Salamu nyingi sana. Baba yako Orval hajambo kidogo, shangazi yako Thelma hajambo ila magoti, mbwa naye yupo anakula tu, na mimi ndiyo hivyo.

Juzi nilikwenda kununua rangi ya kupuliza ya vile vibao vya chuma vya shabaha. Unamjua baba yako, hutaka nyeupe tu, ya bei ya chini, isiyong'aa, ili risasi ikigonga iache doa la kijivu. Safari hii nilichukua ya chungwa. Akafoka, "Verna, tuna harusi hapa?" Nikamwambia nyeupe imekwisha dukani. Nilimdanganya, mwanangu. Macho yake yanakwisha, nyeupe haioni tena.

Jumapili alifyatua mara tano, masikio kayaziba kama kawaida, hata mlio wa chuma hausikii. Akauliza, "Nimepata ngapi?"

Nikasema, "Nne, mzee."

Kibao kilikuwa safi, hakina hata doa moja. Nilikipulizia rangi upya hivyo hivyo, asije akashtuka kwamba sijakipaka. Akacheka, "Wade hanifikii!" Alikuwa hajalitaja jina lako tangu siku ile alipokufukuza, mwaka wa sita huu.

Daktari anasema theluji ikianza atakuwa gizani kabisa. Hatakuomba, namjua. Njoo auone uso wako angali anaweza. Ukiipata hii tu nijibu upesi, hata kwa neno moja.

Mama yako,
Verna