Ndege Iliyolala Chali

Habaswein

Kaka Mwadime,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye joto hili. Mama anaendeleaje na magoti yake? Na huo mkono wako, vidole vimeanza kushika hata kijiko? Mimi mwili ni mzima, ila moyo ni mzito.

Kwenye simu nilikwambia ndege yako ilianguka tu. Nilikudanganya, kaka.

Uliponipa ndege ile ndogo ya injini, uliyoiunda mwenyewe, baada ya kiharusi kukunyima mkono, uliniomba jambo moja: niirushe chali, jambo ambalo wewe hukuwahi kuliweza. Basi kila jioni nilisimama katikati ya uwanja wa shule, kishikio mkononi, nyaya mbili zimenyooka hadi kwenye ndege, nayo inanizunguka. Kuigeuza si kazi. Kazi ni kukumbuka kwamba ikishalala chali, ukitaka ipande lazima uinamishe kishikio; ukikiinua, inashuka. Nilijizoeza nyumbani kwa mwiko, nikijiongelesha kama kichaa. Mwalimu Hassan, jirani yangu Msomali anayefundisha dini, alinicheka: "Wallahi, wewe nazunguka kama mbuzi nafungwa kamba."

Alhamisi moja ndege ikakaa chali. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa nne. Nilikuwa nacheka peke yangu. Hassan akaja na chupa ya chai, akasimama nje kidogo ya duara, akasema, "Assalamu alaykum." Miaka miwili ya kuishi hapa imenifunza kwamba salamu haiachwi bila jibu, wala haijibiwi kwa mkono wa kushoto. Bila kuwaza nikainua wa kulia, ule wenye kishikio.

Ndege ilijipigiza chini mbele ya miguu yake. Kipande cha propela kikamwingia jichoni.

Wamelitoa, kaka. Hospitalini Garissa nilikaa kando ya kitanda chake nikilia, na yeye ndiye aliyenibembeleza: "Bole, walaal, ndugu yangu. Usilie. Ni kadari ya Allah. Moja nabaki." Mkewe alinimiminia chai. Sasa Hassan amerudi shuleni, ananisalimu kila asubuhi, nami namjibu nikitazama chini. Naona aibu isiyokwisha.

Nisalimie Mama, lakini habari ya jicho usimwambie. Msalimie shemeji Wakio, na shangazi yetu muuza mboga.

Shemeji ameniambia unanitengenezea ndege nyingine, kwa mkono wa kushoto, na kwamba ndiyo inayokutoa kitandani asubuhi. Itengeneze, kaka. Ila usinitumie.

Mdogo wako,
Mghendi